Lenzi Ndefu, Picha Butu: Maswali ya Wapiga Picha za Ndege

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zina kilio kimoja: msomaji amepata lenzi ya milimita 500 au 600, ndege anaonekana mkubwa, lakini manyoya hayahesabiki. Tumechagua maswali sita. La kwanza tumelijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo mzazi wa mengine.

SWALI: Wahariri, salaam. Nimetoka kwenye lenzi ya 70-300 nikaingia ya 150-600. Ndege wadogo walio tawini, umbali wa mita 40 hivi, wanatoka butu hata nikiweka 600, tundu la mwanga f/6.3 na shata (muda wa kunasa picha) 1/1000 ya sekunde. Rafiki yangu anasema lenzi ni mbovu niirudishe. Mnasemaje?

JIBU: Usiirudishe bado. Tuanze na hesabu. Ndege wa sentimita 20 akiwa mita 10 kutoka kwako, lenzi ya 600 humchora kwenye kihisi (kibao cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga) kwa urefu wa milimita 12 hadi 13. Kihisi kikubwa kina upana wa milimita 36 na kimo cha 24, kwa hiyo hapo ndege anachukua nusu ya kimo. Mita 20, anabaki na milimita 6. Mita 40, milimita 3 tu. Kama kamera yako ina pikseli (nukta zinazounda picha) 6000 kwa 4000, ndege mzima, mdomo hadi mkia, ana pikseli 500. Ukimkuza ajaze skrini, unakuza na kila dosari iliyopo. Hakuna lenzi ya kutibu hilo. Tibu umbali kwanza.

Sasa lenzi yenyewe. Bandika ukutani karatasi yenye maandishi madogo, mita 10 kutoka kwenye kamera, asubuhi kabla jua halijachoma. Weka kamera kwenye tripodi, zima kitulizi cha mtikisiko, tumia kichelewesho cha sekunde 2. Piga picha kumi, na kabla ya kila moja vuruga fokasi kwa mkono kisha iache kamera itafute upya. Zikitoka kali zote kumi, lenzi ni nzima na tatizo liko kwingine. Zikichanganyika, kali na butu, fokasi ndiyo inayoyumba. Zikiwa butu zote, rudia ukiwa umesimamisha chini ya karatasi rula iliyolala kwa mshazari, uone namba zipi ndizo kali: zilizo mbele au zilizo nyuma ya karatasi. Kwenye kamera za kioo (DSLR) kosa la namna hiyo hurekebishwa kwenye menyu. Kamera zisizo na kioo hupima fokasi kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo kosa hilo ni nadra kwao.

Kama hakuna kilicho kali popote, mbele wala nyuma, vua kichujio cha kinga kilicho mbele ya lenzi kabla ya kumlaumu aliyeiunda. Kioo hafifu ambacho kwenye lenzi ya 50 hakionyeshi tofauti yoyote, kwenye 600 huweza kuua makali yote. Kisha funga tundu hadi f/8: zoom nyingi za aina hii hukaza kidogo hapo.

Ukishajua lenzi ni nzima, rudi kwenye picha zako za ndege uzisome. Kuza hadi uone ile nukta ya nuru ndani ya jicho. Ikiwa imevutwa ikawa kama uzi, kamera ilitikisika. Ikiwa ni duara lililovimba na vijiti vya nyuma ni vikali, fokasi ilimpita ndege. Tawi likiwa kali na ndege amefifia, yeye ndiye aliyegeuza kichwa, na hapo 1/1000 yako haikutosha au bahati haikuwa yako. Jicho likiwa kali na mkia umefifia, hakuna kosa lolote: kwa 600 na f/6.3, mita 10, kina cha makali (eneo la mbele hadi nyuma linalotoka kali) ni kama sentimita 10. Ukisogea hadi mita 5 kinabaki sentimita 2 na kidogo. Lenga jicho, mengine yasamehe.

Mkono nao una desturi yake. Kiganja cha kushoto kikae chini ya lenzi, mbele kabisa ya mahali inaposawazika, si karibu na kamera. Viwiko vibane mbavu. Kamera iguse paji la uso. Bonyeza taratibu na piga picha tatu tatu mfululizo. Mara nyingi picha ya pili au ya tatu ndiyo kali, kwani ya kwanza ilibeba mshtuko wa kidole. Ukipigia dirishani mwa gari, mfuko wa kitambaa uliojazwa maharagwe kilo mbili unashinda tripodi.

SWALI: Nilikaa kando ya uwanda mkavu saa sita mchana nikipiga ndege waliokuwa mbali. Tripodi nzito, shata 1/3200, lakini picha zote kama zimepigwa nyuma ya maji. Fokasi imekufa?

JIBU: Fokasi iko salama. Ulichopiga ni hewa. Ardhi iliyochomwa na jua huipasha hewa iliyo juu yake, na hewa ya moto na ya baridi hupindisha mwanga tofauti. Ndiyo mazigazi yale yale yanayofanya barabara ionekane na dimbwi. Lenzi ndefu huyakuza sawasawa na inavyomkuza ndege.

Utayatambua hivi: kwenye mfululizo wa picha 20, kila moja imeharibika kivyake. Moja mdomo una mawimbi, nyingine shingo imevimba, halafu katikati inatokea moja karibu kali. Kosa la fokasi au la mkono halina tabia hiyo. Washa skrini, kuza hadi mwisho, utaona ukingo wa ndege ukitetemeka wenyewe hali kamera imetulia.

Kasi ya shata haisaidii, wala tundu. Dawa ni kupunguza hewa iliyo kati yenu: sogea, au njoo saa mbili za mwanzo baada ya jua kuchomoza, au siku ya mawingu. Epuka kupiga juu ya lami, mchanga mkavu na mabati. Gari nalo lina hila zake. Injini ikiwaka au boneti ikiwa bado ya moto, hewa yake hupanda mbele ya lenzi. Na joto la ndani linalotokea dirishani hufanya hivyo hivyo. Zima injini, fungua vioo vyote, subiri. Hata lenzi yenyewe, ikitoka kwenye buti la moto, hushika hewa ya joto ndani ya kile kikombe cha kuzuia jua. Iache ipoe nusu saa, au vua kikombe.

SWALI: Kila nikijaribu mbayuwayu au mwewe akiruka, napata anga tupu au kipande cha bawa. Naomba mipangilio.

JIBU: Mipangilio tutakupa, lakini anga tupu haisababishwi na mipangilio. Kwa 600, mita 20 kutoka kwako, fremu nzima ina upana wa mita 1.2 tu. Unatafuta ndege kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Rudisha zoom hadi 300 au 400, mpate, mfuate, kisha kuza. Jicho la pili liache wazi. Mkazie macho ndege kwanza, halafu pandisha kamera hadi kwenye mstari wa macho yako bila kumwacha. Wengi huinamia kamera ndipo waanze kutafuta, wakachelewa.

Fokasi iwe ya kuendelea, na utambuzi wa jicho la ndege uwashwe kama upo. Swichi ya mipaka ya fokasi iliyo ubavuni mwa lenzi ina kazi: ukiondoa masafa ya karibu, mota haitasafiri hadi mita 3 na kurudi kila ikimpoteza ndege. Kabla hajafika, fokasi kwenye mti au jiwe lililo umbali ule ule unaomtarajia. Bila hivyo picha yake kwenye kitafutio huwa ukungu mtupu, na kamera haiwezi kushika isichokiona.

Shata: ndege akiruka mita 10 kwa sekunde, ndani ya 1/500 husogea sentimita 2, ndani ya 1/2000, milimita 5. Kumfuata kwa mkono hufuta mwendo wa mwili, lakini mabawa yana mwendo wao. Kwa mwewe na tai wanaoelea 1/1600 inatosha. Kwa mbayuwayu, na mdiria anayejitupa majini, anza na 1/3200. Tundu wazi, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) iachie kamera ipange. Chengachenga (punje zinazochafua picha) za ISO 3200 hupunguzika kwenye kompyuta. Bawa lililofifia halina dawa.

Na mabawa yakitoka yamepinda kama mpira, ni shata ya kielektroniki: kihisi kinasoma mstari baada ya mstari, bawa linahama kabla hakijamaliza. Tumia shata ya kimakanika, isipokuwa kamera yako ina kihisi cha kusoma kwa kasi sana.

Jambo moja linalosahaulika: ndege huruka na kutua akielekea upepo. Simama upepo na jua vikiwa mgongoni mwako, naye atakuja uso kwa uso nawe, amemulikwa. Na aliye tawini, akiinama, akijisaidia, akabana manyoya, yu karibu kuruka: weka kidole tayari.

SWALI: Telekonveta (kipande cha kuongeza urefu wa lenzi, hukaa kati yake na kamera) ya mara 2 itanifaa kwenye 150-600 f/6.3?

JIBU: Hapana. Utapata 1200 kwa f/13, mwanga umepungua stopu mbili (kila stopu hukata mwanga nusu), na kamera nyingi hapo fokasi hupapasa au hugoma kabisa. Ya mara 1.4 hula stopu moja na inavumilika mchana mweupe (840, f/9). Konveta ya mara 2 iliundiwa lenzi za f/2.8 na f/4. Ukiwa na kihisi chenye pikseli nyingi, kukata picha mara nyingi hukupa matokeo yale yale bila mzigo.

SWALI: Yangeyange wangu ni mweupe kama karatasi, hana hata unyoya. Mnandi naye ni doa jeusi. Kamera moja, siku moja!

JIBU: Kamera haijui rangi ya ndege. Inaona majani mengi meusi nyuma ya yangeyange, inang'arisha fremu nzima, na weupe unaungua. Ukitumia modi ya otomatiki, shusha fidia ya mwanga kati ya -0.7 na -1.3. Kwa ndege yeyote aliye mbele ya anga jeupe pandisha +1 hadi +2, usiogope anga kuungua.

Lakini sisi tunapenda modi ya mkono. Mwanga unaompiga ndege haubadiliki eti kwa sababu ametoka angani akapita mbele ya miti. Mandhari ndiyo yaliyobadilika, na mandhari ndiyo yanayoidanganya kamera. Jua la wazi likiwa mgongoni mwako, ISO 400 na f/8: ndege wa rangi ya kati 1/1600, yangeyange 1/3200, mnandi 1/800. Piga moja ya majaribio, tazama kwenye skrini onyo la kumetameta linaloonyesha palipoungua. Likimeta shingoni mwa yangeyange, ongeza kasi ya shata kwa theluthi ya stopu, jaribu tena. Piga RAW (faili ghafi isiyochakatwa na kamera): kivuli chenye giza huinuliwa baadaye, weupe ulioungua haurudi.

SWALI: Nimepata kiota chenye makinda. Majani mawili matatu yanaziba. Nikiyakata kuna ubaya?

JIBU: Upo. Jani linalokuzibia wewe ndilo linalowaficha makinda wasionwe na kunguru, tena ndilo linalowakinga na jua. Usikate, usifunge pembeni, usicheze sauti ya ndege kwenye simu kumwita mzazi. Tazama mzazi: akiwa na mdudu mdomoni na anahama tawi hadi tawi bila kuingia, akipiga kelele, wewe ndiye uliyeziba njia, na makinda wanakaa na njaa kwa ajili yako. Rudi nyuma papo hapo.

Picha utaipata kwingine. Wazazi wengi wana tawi wanalotua kwanza, mbali kidogo na kiota, kabla ya kuingia. Angalia kwa darubini safari tano sita za chakula, ulijue tawi hilo. Kisha kaa chini, mbali, ulenge hapo na kuliacha kabisa lile la kiota.