Wadogo zangu wa tagi, acheni kurudisha sifuri

Juzi nimemwona tena kijana akisoma bloku ya mwisho ya sekta (fungu la kumbukumbu) kwenye kadi ya RFID, ile inayosomwa kwa redio bila kuguswa, akibadilisha biti za ruhusa, zinazosema ufunguo upi unaruhusiwa kufanya nini, halafu akitaka kuirudisha yote kama alivyoisoma. Nimemshika mkono. Sasa sikilizeni.

1. Megahezi 13.56 ni masafa tu, si kiwango. ISO 14443 na ISO 15693 zote ziko hapo na hazielewani. Kisomaji cha ile ya kwanza pekee hakitaiona ICODE, tagi ya ISO 15693, hata mkiigandisha juu ya antena.

2. Kadi ya MIFARE Classic 1K haiwapi baiti 1024. Sekta 16, bloku 4 kila moja, baiti 16 kwa bloku; toeni bloku ya mtengenezaji na zile 16 za mwisho wa sekta, mnabaki na 752.

3. Hiyo bloku ya mwisho sasa. Ufunguo A baiti 6, ruhusa 4, ufunguo B 6. Ufunguo A hausomeki kamwe, chipu inakupa sifuri. Nilikuwa nimelisoma hilo, nikalisahau siku lilipohitajika. Programu yangu ilisoma, ikabadilisha ruhusa, ikaandika. Boksi zima likapita, kila kadi ikilia vizuri, nami najisifu. Kesho yake milango ikazikataa zote. Nikatangaza kwamba kadi ni feki, nikamwandikia muuzaji barua yenye maneno ambayo sirudii hapa, nikaanza kuzitupa. Fundi mwenzangu, mtu asiye na maneno mengi, akaokota moja kwenye pipa na kujaribu ufunguo wa sifuri tupu. Ikafunguka. Kadi zilikuwa nzima kabisa. Ufunguo huo niliuweka mimi! Barua ya kumwomba muuzaji radhi ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Na hapo nilikuwa na bahati: biti za ruhusa huandikwa mara mbili, zilivyo na kinyume chake, na zisipolingana sekta imekufa, hakuna wa kuifufua.

4. NTAG, tagi zinazosomwa na simu: ukurasa wa 3, unaoeleza uwezo wa tagi, si wa majaribio. Biti yake ikishakuwa 1 hairudi 0.

5. Mteja akitaja simu, sahauni Classic, kwa sababu simu nyingine haziisomi. NTAG213 ina baiti 144. Pimeni kwanza kama anwani ya tovuti inatosha humo. Akitaja usalama, Crypto1, usimbaji wa Classic, ilivunjwa hadharani 2008, mpeni kadi ya DESFire.

6. Namba ya utambulisho ya ICODE huanza na E0. Mkiiona E0 mwishoni, mmepindua baiti. Msirudishe kisomaji dukani.