Kumbe LCM ndiyo KDS: wiki zangu 8 za kwanza darasani

Mdogo wangu, umesema Jumatatu unaripoti fildi, yaani mazoezi ya kufundisha, umepangiwa hisabati kidato cha kwanza, na kinachokunyima usingizi ni kwamba darasa litakushinda: watapiga kelele, watakudharau kwa sababu umri wenu haupishani sana. Hofu hiyo naijua, nami nilikwenda nayo. Ila darasa nililolikuta lilikuwa limetulia tuli, na utulivu ule ndio ulionipotezea wiki mbili nzima.

Nilifanya mazoezi shule ya kata mkoani Singida, mwezi wa saba hadi wa tisa. Mwalimu wa taaluma alinikabidhi ratiba siku ileile niliyofika, hata begi sijatua: mikondo miwili, vipindi 12 kwa wiki. Mwalimu wa hisabati alikuwa amehama tangu mwezi wa tatu na mwingine hajaletwa. Watoto walikuwa wanaandikiwa notisi ubaoni na kiranja wao kutoka kwenye kitabu kimoja. Ujiandae kwa hilo, shule nyingi zinamsubiri mwalimu wa fildi ndiyo somo lianze.

Usiku wa kwanza niliandika andalio la somo kurasa tatu, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, kila kitu na dakika zake. Mada ilikuwa aljebra, milinganyo yenye sehemu. Kesho yake nikaingia, nikafundisha kwa Kiingereza kilichonyooka, nikakokotoa mifano miwili ubaoni, na kipindi cha dakika 40 nikakimaliza kwa dakika 20. Nikauliza kama wameelewa. Wakaitikia kwa pamoja, "Yes sir!" Nikawapa zoezi la maswali matano, nikatoka nikiwa na furaha.

Jioni nikayabeba madaftari nyumbani. Mkondo A walikuwa 68, waliopata hata swali moja walikuwa 7. Waliobaki walikuwa wamenakili mifano yangu ya ubaoni vilevile ilivyo, namba zilezile, wakaiwekea namba za maswali yangu. Nikarudia somo, nikaongea kwa sauti zaidi na kuandika kwa herufi kubwa zaidi. Wiki ya pili majibu yakawa yaleyale, na "Yes sir" ileile.

Hapo ndipo mwenzangu mmoja wa ofisini, mtu mzima na mkarimu kwangu, aliponiambia kwamba wale bila fimbo hawasogei, akanisogezea ya kwake. Sikuichukua, na wewe usiichukue. Kanuni zetu za viboko zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Wewe ni mwanachuo, humo haumo. Ile video ya Mbeya ya mwaka 2016, walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari, sote tuliiona. Lakini hata kama sheria ingeniruhusu, ningempiga mtoto kwa kosa gani? Kosa lake lilikuwa nini hasa? Wakati ule nilikuwa sijalijua, na kumpiga mtu kabla hujajua amekwama wapi ni kumfundisha kuficha alipokwama.

Nililijua wiki ya tatu, kwa bahati tu. Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma nasahihisha, wao wakiandika. Binti mmoja mbele yangu alikuwa akimweleza mwenzake swali kwa kunong'ona, wakabishana kidogo, kisha yule mwenzake akasema, "Kumbe LCM ndiyo KDS!"

Nikaweka kalamu chini. Kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS, ambacho kwa Kiingereza ndicho LCM, hawa walikitafuta shule ya msingi miaka na miaka, mpaka wakakifanyia mtihani wa darasa la saba. Wiki mbili zote nilikuwa nasimama mbele yao nasema LCM, LCM, kana kwamba ni jambo jipya, nao wanadhani ni jambo jipya. Kitu walikuwa nacho, hawakujua tu kwamba ndicho ninachokisema.

Kipindi kilichofuata sikuanza na ubao. Niliwaambia kwa Kiswahili: mama ana magunia ya alizeti. Ameuza nusu yake mnadani, theluthi yake akampelekea mwenye mashine ya kukamua. Yaliyoondoka ghalani jumla ni magunia matano. Alikuwa na mangapi? Singida mtoto gani hajui alizeti? Mikono ilipanda kutoka pembe ambazo sikuwahi kuona mkono. Kijana wa nyuma kabisa, ambaye mpaka siku ile sikuijua sauti yake, akasema sita. Nikamuuliza umepataje. Akasema, "Mwalimu, nimetafuta namba inayogawanyika kwa mbili na kwa tatu. Nusu ya sita tatu, theluthi yake mbili, jumla tano."

Basi nikageukia ubao na kuandika maneno yake hayohayo kwa alama: x juu ya 2, kujumlisha x juu ya 3, sawasawa na 5. Namba yake inayogawanyika kwa mbili na tatu nikaiita KDS, chini yake nikaandika LCM. Tukazidisha kila upande kwa 6, ikawa 3x na 2x ni 30, yaani 5x ni 30, x ni 6. Jioni ile waliopata walikuwa 41.

Sikuambii ufundishe kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Mtihani wa Necta ni wa Kiingereza, na ukiwaacha kwenye Kiswahili utawaumiza kidato cha pili. Nilichofanya ni kutenga upande wa kulia wa ubao kwa maneno tu. Kila kipindi maneno manne au matano, la Kiingereza na la Kiswahili walilolijua darasa la sita: asili, kiasi, kigawe, mlinganyo, tofauti. Yakikaa wiki nzima bila kufutwa wanayazoea. Wazo wanalipata kwa Kiswahili, jibu wanaandika kwa Kiingereza, na katikati mimi nawavusha.

Msimamizi kutoka chuo alikuja wiki ya tano, bila taarifa kama kawaida yao. Uwe na faili lako mkononi kila siku, azimio la kazi na maandalio yote. Mimi faili halikunisumbua. Kilichonisumbua ni karatasi aliyonionyesha baada ya kipindi: alikuwa amechora madawati yote na kutia alama kila niliyemwita. Alama zilikuwa tano, zote mistari miwili ya mbele, upande wa mlangoni. Kwa dakika 80 za vipindi viwili mfululizo nilikuwa nimefundisha watoto watano, na hiyo ni baada ya kudhani nimeshajirekebisha.

Tangu siku ile nikawa na daftari dogo lenye majina yao yote, nikimwita mtu naweka nukta. Na kabla ya kuita, wazungumze wawili wawili kwa dakika moja hivi. Mtoto mwenye woga akishalisema jibu kwa jirani yake, kulisema mbele ya darasa hakumtishi tena. Kelele utazisikia, ndiyo. Hizo usiziogope.

Mambo mengine madogo: beba fedha za kukutosha wiki tatu, maana ile ya fildi huweza kuchelewa. Ubaoni andika ukiwa umesimama upande, usiwape mgongo. Wachelewaji waulize kwanza wanatoka wapi. Wangu wawili walikuwa wakitembea zaidi ya saa moja na nusu kila asubuhi, na walikuwa wakiadhibiwa kila asubuhi.

Na wiki ya mwisho, usiondoke na daftari lako la alama. Mimi nilikaa siku mbili nikaandika kwa mwalimu ajaye tulipoishia kila mkondo, nani bado anasumbuliwa na sehemu, maneno gani tumeshayapitia. Nikamkabidhi mwalimu wa taaluma pamoja na maswali ya mazoezi ya mwezi mzima na majibu yake, ili yule binti wa KDS na kiranja wayatumie. Mwalimu wa hisabati alikuwa bado hajaja.