Kabla hujalaumu waini, angalia glasi

Mwezi wa pili mwaka huu, kwenye lile joto la kaskazi ambalo hata usiku shati lakuganda mgongoni, dadangu alikuja kwangu Bamburi na chupa ya chenin blanc, waini nyeupe ya Afrika Kusini. Akaifungua palepale, na njia nzima ilikuwa ndani ya matatu haijaona friji, akamimina kwa zile glasi za maji zilizonyooka mpaka juu kabisa kama ni juisi ya ukwaju. Akanusa, akakunja uso. "Hii yanuka spiriti tupu, wameniuzia mbovu."

Haikuwa mbovu. Nimekuwa weita miaka tisa, hoteli za kuanzia Nyali mpaka Shanzu, na hii kesi nimeiona mara nyingi sana. Nikaitia chupa kwa ndoo ya barafu na maji, nikangoja kama dakika ishirini, nikatoa glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana, nikamimina thuluthi tu. Alipoingiza pua akaniangalia, "Mapera!" Na kweli, chenin blanc nyingi za Afrika Kusini zina ile harufu ya mapera yaliyoiva.

Sasa hapo nilikuwa nimebadilisha vitu viwili, baridi na glasi, kwa hivyo tukarudia sawasawa: chupa hiyohiyo, baridi ileile, kiasi kilekile, moja kwa glasi ya maji na moja kwa ile yenye tumbo. Bado tofauti ilikuwepo. Kwa glasi ya maji mapera yalikuwa yako mbali, ukivuta pumzi chachoma kitu puani kwanza.

Hii si maneno ya mabaa tu. Mwaka wa 2015 wanasayansi wa Tokyo, timu ya Kohei Mitsubayashi, walitumia kamera maalum inayoonyesha mvuke wa alkoholi ukitoka kwa glasi. Waini ikiwa nyuzi 13, ndani ya glasi ya waini, ule mvuke ulijikusanya ukingoni kama pete na katikati ukawa mchache, yaani pua ikiingia pale katikati inapata harufu za waini yenyewe kabla ya ukali. Glasi iliyonyooka haikutoa pete, ya martini, ile iliyopanuka juu kama faneli, pia haikutoa. Na hapa ndipo watu wa Mombasa tusikilize vizuri: hata kwa ile glasi nzuri, waini ilipofika nyuzi 25 pete haikuonekana tena. Nyumba zetu kaskazi ni 30 na zaidi! Ndo maana mimi sipendi yale maglasi makubwa kama bakuli ambayo watu wananunua wakidhani ukubwa ndio ustadi. Kwa nchi ya baridi sawa, lakini huku waini ikitandazwa kwenye tumbo pana hivyo yapata moto kabla hujamaliza hadithi uliyoanza.

Tafuta ya wastani. Zile glasi za waonjaji zilizowekewa kipimo na ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka wa 1977 ni ndogo, zinabeba kama mililita 215, tumbo milimita 65 na mdomo 46. Si lazima upate hiyo yenyewe, nenda duka la vyombo na ufanye jicho lako lilinganishe mdomo na tumbo, mdomo ukiwa mpana kuliko tumbo rudisha. Ukingo uwe mwembamba. Na iwe na mguu, uishike mguuni, kiganja chako ni jiko.

Mtu akikwambia umbo la glasi linapeleka waini mahali fulani pa ulimi, utamu kwa ncha, uchungu nyuma, mwachie. Ulimi wote waonja ladha zote, ile ramani ilishakataliwa zamani. Claus Riedel wa Austria alitoa seti yake mwaka wa 1973, kila aina ya waini na glasi yake, ni glasi nzuri na nimezipangusa sana kazini, ila kwa nyumbani aina moja yatosha, faida kubwa iko puani. Labda uongeze ile nyembamba ndefu kama unapenda waini ya mapovu, manake kwa glasi pana kama kisahani gesi yatoroka haraka.

Wazee wa kahawa kule Mji wa Kale wanalijua hili jambo bila kamera: kahawa chungu hutoka kwa dele kidogokidogo kuingia kikombe kidogo, unaimaliza ingali moto, unaongezwa. Waini huku ifanye hivyohivyo kwa upande wa baridi, mimina kidogo, rudisha chupa kwa barafu, ongeza.

Nyekundu pia usiionee haya kuitia friji nusu saa, "joto la chumba" wanalosema ni la vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18 hivi. Na kabla ya kumimina nusa glasi ikiwa tupu. Unyevu wetu huu, glasi ikifunikwa kabatini kichwa chini yashika harufu ya mbao na ya kitambaa kibichi, na dadangu glasi yake ya pili siku ile ilinuka hivyo hadi nikaisuuza kwa maji ya moto mara mbili.