Mashine ya boti inavuja oili: usinunue giaboksi kabla hujafungua skrubu ya chini

Mkuu, umesema mashine yako ni Yamaha Enduro 40, ukiegesha unaona mafuta yametanda juu ya maji pale kwenye propela, na fundi ameshakwambia ununue giaboksi nzima, yaani ile sehemu ya chini yenye gia. Subiri kwanza. Hiyo hela ni nyingi, na huenda kilichokufa ni sili tu, ile pete ya kuzuia oili isitoke na maji yasiingie. Mimi navulia mashine kama hiyo huku Kilwa, na mwaka 2021 nilipita njia hiyohiyo.

Anza kwa kujua ni oili gani. Hiyo ni tustroki, oili inachanganywa na petroli na si yote inayoungua. Moshi unatokea katikati ya propela, kwa hiyo masalia yanachuruzika hapohapo: meusi, mepesi, yananuka petroli. Ukitembea taratibu muda mrefu au ukizidisha oili yanaongezeka. Mimi naweka nusu lita kwa lita 25 za petroli, sizidishi. Oili ya gia ni nzito, inavutika vidoleni, ina harufu kali kama ya kiberiti. Kama unayoiona ni ile nyeusi nyepesi, yawezekana hata hakuna kinachovuja.

Kupata uhakika, acha mashine ikae wima usiku kucha. Asubuhi usiiwashe. Tega bakuli jeupe, legeza skrubu ya chini ya giaboksi pole pole. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yameingia yatatangulia yenyewe. Kisha fungua ya juu hewa ipite, oili yote ishuke. Yangu ilitangulia maji kama nusu kikombe, halafu ikafuata oili ya rangi ya chai ya maziwa. Hapo hakuna ubishi, kuna upenyo. Na usishangae maji kuingia wakati oili haikupungua sana: gia zikifanya kazi zinapata moto, ukizima mashine ndani ya maji hewa ya ndani inasinyaa, inavuta maji kupitia tundu lolote.

Fundi wa kwanza alinibadilishia washa za skrubu tu, vile vipete vya kuzibia. Siku tatu, chai ya maziwa tena. Ndipo nikavua propela mwenyewe. Nyuma yake kulikuwa na mshipi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti, chuma kinachozungusha propela, umekazwa mpaka umekuwa kama pete ngumu, ncha imezama chini ya mdomo wa sili. Niliuchomoa kwa koleo kipande kwa kipande. Sisi wavuvi tunapita juu ya mishipi na nyavu kila siku, kwa hiyo hapo ndipo pa kutazama mwanzo kabisa.

Sasa hili wengi wanaliruka: futa shafti, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Yangu ukucha ulinasa, sili ya zamani ilikuwa imechimba mfereji. Ukiweka sili mpya palepale itavuja tu, hata iwe nzuri namna gani. Fundi wa pili hakuizamisha sili mpya hadi mwisho, aliibakiza kama milimita mbili ili mdomo ukae kwenye chuma kisafi. Aliupaka grisi kwanza. Sili nazo ziangalie: kispringi cha ndani kikiwa cha chuma cha kawaida, chumvi inakimaliza.

Kabla ya kujaza oili, jaribu kwa hewa. Pampu ya baiskeli yenye geji, psi 10 inatosha, paka povu la sabuni kwenye shafti na skrubu, tazama panapotoa mapovu. Usitumie kompresa ya gereji ya matairi, presha yake inang'oa hata sili nzima.

Oili ijazwe kwa pampu ya oili kutokea tundu la chini mpaka itoke tundu la juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga ya chini haraka. Washa za skrubu ziwe mpya. Ile oili ya zamani iliyotoka weka kwenye dumu, usiimwage ufukweni, samaki wetu wanazaliana hapohapo.

Kitu kimoja kitakachompa haki fundi wako: sugua ile oili ya zamani kati ya vidole. Unga laini wa chuma ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyokwaruza, gia zimeanza kulika na sili peke yake haitakusaidia. Fungua kesho asubuhi utuwekee picha ya bakuli hapa.