Bima imepanda na hujagonga mtu? Sababu ni hii
Mdogo wangu, umeuliza kwa nini bima ya gari lako imepanda wakati una miaka 21 na hujawahi kugonga hata ukuta. Iko hivi, kampuni haikupimi wewe peke yako, inakupima na kundi lako zima, na madereva vijana ndo wanaoongoza kwa ajali, halafu siku hizi gari likigongwa bampa tu mle ndani kuna sensa na kamera, fundi akishabadilisha inabidi aziseti upya na bili inakuwa kubwa kweli, hiyo gharama tunagawana wote. Usirinyuu kimya kimya, omba bei kampuni kadhaa kwanza. Gari la injini ndogo linasaidia. Ukikubali eksesi kubwa, yani ile hela unayoanza kulipa mwenyewe ukidai kampuni ikulipe baada ya ajali, ada inashuka, ila hakikisha hiyo hela unayo kweli. Nakusihi sana, usimwandikishe mzazi kama dereva mkuu ili bei ishuke wakati gari unaendesha wewe kila siku, huo ni udanganyifu, siku ya ajali wakigundua wanaweza kugoma kulipa na mzigo wote ukakuangukia. Na kama wanatoa kile kifaa cha kurekodi unavyoendesha na wewe ni mtulivu barabarani, kichukue, kinaweza kukushushia ada.