Maswali ya wasomaji: Septemba ya besiboli na pengo linaloyeyuka

SWALI: Nimezoea msimamo wa soka. Kwenye MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, naona safu ya GB yenye 1.5 au 4.5. Nusu mechi inatoka wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Msimamo wa besiboli hauna pointi, kwa hiyo umbali hupimwa kwa mechi: GB (games behind) ni mechi ambazo timu iko nyuma ya kinara. Chukua ushindi wa kinara utoe wa anayemfuata. Kisha chukua vipigo vya anayemfuata utoe vya kinara. Jumlisha, gawa kwa 2. Kinara akiwa na 80-60 (ushindi 80, vipigo 60) na mfuasi 78-61, unapata 2 na 1, jumla 3. Pengo ni mechi 1.5. Nusu hujitokeza pale mmoja alipocheza mechi moja zaidi ya mwenzake, pengine kwa sababu ya mvua au siku ya mapumziko.

Ila ikifika Septemba, macho yako yawe kwenye safu ya vipigo. Mechi ambayo haijachezwa bado unaweza kuishinda, kipigo hakifutiki. Ndiyo maana namba ya kufuzu huhesabiwa hivi: 163, toa ushindi wa kinara, toa vipigo vya mfuasi. Kwa mfano wetu ni 163 – 80 – 61 = 22. Kinara akishinda inapungua 1, mfuasi akifungwa inapungua 1, na ikigonga 0 biashara imeisha. Msimu una mechi 162. Hiyo 1 ya ziada ni ya kumpita mpinzani. Hapa ndipo wengi hukosea: kinara akiwa tayari ameshamzidi mfuasi katika mechi walizokutana wao kwa wao, anza na 162, maana kulingana rekodi kunamtosha.

SWALI: Detroit Tigers walipotezaje divisheni mwaka 2025 wakati walikuwa wametangulia mbali vile? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Kwanza, divisheni hapa si daraja kama kwenye soka: MLB ina ligi mbili, na kila ligi imegawanywa katika makundi matatu yaitwayo divisheni. Mapema Julai 2025 Cleveland Guardians, wa divisheni moja na Tigers, walikuwa nyuma yao kwa mechi 15.5. Kabla yao hakuna timu iliyowahi kufuta pengo kubwa kama hilo ikatwaa divisheni. Hata wiki ya kwanza ya Septemba Tigers walikuwa bado mbele kwa zaidi ya mechi 9.

Siri iko kwenye ratiba. Ukishinda dhidi ya timu nyingine huku unayemkimbiza akiwa amepumzika, unapunguza nusu mechi tu. Ukimfunga yeye mwenyewe, unapunguza mechi nzima, kwa sababu ushindi wako na kipigo chake vinaingia usiku uleule. Katika wiki mbili za mwisho timu hizi zilikutana mara 6. Guardians walishinda zote 3 Detroit, kisha 2 kati ya 3 Cleveland. Ushindi 5 kwa 1 ni mechi 4 zilizohama kwa mkupuo. Walimaliza 88-74, Tigers 87-75. Kwa hiyo ratiba ya Septemba ikitoka, tafuta kwanza mechi za ana kwa ana zilizobaki. Pengo la 5 lenye mechi 6 za ana kwa ana ni dogo kuliko pengo la 3 lisilo na hata moja.

Tigers hawakutoka patupu. Waliingia mchujo, yaani mtoano wa baada ya msimu, kama timu ya 6 ya ligi yao na wakawatoa Guardians haohao kwa mechi 2-1, Cleveland kwenyewe.

SWALI: Mwaka 2025 Blue Jays wetu wa Toronto na Yankees wa New York walilingana 94-68. Kwa nini hawakurudiana? Na tofauti ya mikimbio (alama za besiboli, kama mabao) haihesabiwi? (Msomaji, Toronto)

JIBU: Haihesabiwi hata kidogo, na shabiki wa soka lazima aizoee hiyo. Mechi ya 163 ya kuvunja ulinganifu ilifutwa kuanzia 2022. Sasa huangaliwa kwanza mechi za wenyewe kwa wenyewe. Zikilingana, rekodi ndani ya divisheni yao. Zikilingana tena, rekodi dhidi ya divisheni nyingine za ligi yao. Toronto waliwashinda Yankees 8-5 katika mechi zao 13, wakatwaa divisheni.

Faida yake ni kubwa. Kila ligi hupeleka timu 6: mabingwa 3 wa divisheni na 3 za nafasi ya ziada, waildikadi. Mabingwa 2 wenye rekodi bora hupumzika raundi ya kwanza. Wengine 4 huingia kwenye mfululizo wa mechi 3, zote kwenye uwanja wa aliye juu. Yankees walilazimika kupambana na Red Sox wa Boston huku warushaji wa Toronto, wale wanaomrushia mpigaji mpira, wakipumzisha mikono. Mets nao walimaliza 83-79 sawa na Reds mwaka huohuo wakabaki nje, kwa kuwa Reds waliwazidi ana kwa ana. Mechi za Aprili na Mei ambazo watu huzipuuza ndizo huja kudai Septemba.

SWALI: Kashfa huvunja timu kweli? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Si kila mara. Julai 2025 Guardians waliondolewa warushaji wawili, Luis Ortiz na Emmanuel Clase, aliyekuwa mfunga mechi wao (mrushaji wa kumalizia mechi), wakati wa uchunguzi wa kamari. Novemba walifunguliwa mashtaka, wakayakana. Timu ilitwaa divisheni bila wao. MLB ikakubaliana na kampuni za kubeti kwamba dau la mpira mmoja unaorushwa lisizidi dola 200 na lisiingie kwenye mkeka. Hatua nzuri: mpira mmoja uko mikononi mwa mtu mmoja, ndiyo maana ni rahisi kuuchezea.

Boston 2011 ni kinyume chake. Red Sox waliongoza Tampa Bay Rays kwa mechi 9 mwanzoni mwa Septemba, wakashinda 7 na kufungwa 20, wakatolewa usiku wa mwisho. Baadaye ikajulikana kuwa baadhi ya warushaji walikuwa wakila kuku na kunywa bia kwenye chumba cha wachezaji uwanjani mechi ikiendelea. Kuku ndiye aliyeandikwa sana, lakini kilichowaangusha ni mikono: warushaji wao wa kuanza, wale wanaofungua mechi, waliruhusu zaidi ya mikimbio 7 kwa kila iningi 9, yaani urefu wa mechi moja, mwezi ule. Unapofuatilia timu yenye mgogoro, hesabu kwanza warushaji wa kuanza walio wazima. Wakipungua watatu, anza kuhofia.

SWALI: Nikeshe saa ngapi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hadi mwisho wa Oktoba, New York iko nyuma yetu kwa saa 7 na Los Angeles kwa saa 10. Mechi za jioni za New York huanza kwetu kama saa nane usiku, za Los Angeles saa kumi na moja alfajiri. Jumapili ya mwisho ya msimu ni rahisi zaidi: mechi zote huanzishwa karibu pamoja, saa nne usiku kwetu, ili timu isicheze ikijua tayari matokeo ya mpinzani wake. Kufikia saa saba na nusu usiku, kwa kawaida msimamo umeshafungwa.