Maswali na Majibu: Mmarekani Mkuu Kuliko Wote ni Nani?

Wiki tatu zilizopita niliandika hapa kwamba ukuu wa mtu haupimwi kwa sanamu aliyojengewa, nikatoa mfano wa Marekani. Tangu siku hiyo barua zenu hazijakatika. Leo nazijibu. Maswali yaliyojirudia nimeyajibu mara moja, na sitayarudia.

Mwalimu, shikamoo. Mbona mjadala huu ulishafungwa? Mwaka 2005 Wamarekani wenyewe walipiga kura kupitia televisheni wakamchagua Ronald Reagan. Sisi ni nani wa kubisha? (Dodoma)

Marahaba. Kura ile naikumbuka. Reagan alimpita Abraham Lincoln kwa tofauti ndogo sana. Ila tazama tarehe: Reagan alifariki Juni 2004, na kura ikapigwa mwaka uliofuata, udongo wa kaburi haujakauka. Kisha tazama kumi bora. George W. Bush, aliyekuwa Ikulu siku hizo hizo, yumo. Bill Clinton aliyemtangulia yumo. Elvis Presley yumo, Oprah Winfrey yumo. Thomas Jefferson hayumo. Frederick Douglass hayumo, wala Harriet Tubman, watumwa watoro waliopigania kufutwa kwa utumwa. Kura ya namna hiyo inakuonyesha watu walikuwa wanamkumbuka nani mwezi ule, basi.

Na kwa kuwa umeniuliza sisi ni nani: sisi ni watu tunaokumbuka kwamba mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipopitisha vikwazo dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini, Reagan aliipinga sheria hiyo kwa kura ya turufu, na Bunge likaipitisha tena juu ya kichwa chake. Mmarekani anaweza kulisahau hilo. Mimi siwezi.

Benjamin Franklin alikuwa rais wa ngapi? (Wasomaji kumi na mmoja, kutoka Arusha hadi Bujumbura)

Hakuwahi kuwa rais hata siku moja. Picha yake iko kwenye noti ya dola 100, na hapo ndipo mnapojikwaa. Alexander Hamilton wa noti ya dola 10 naye hakuwa rais. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Noti si kitabu cha historia.

Kwa nini humtaji Christopher Columbus aliyeigundua Marekani? (Kigoma)

Alikuwa Mwitalia aliyetumwa na Hispania, akafa mwaka 1506, miaka 270 kabla nchi hiyo haijajitangaza. Aliowakuta kule walikuwa kwao.

Nimesoma kwamba Lincoln hakuwajali watumwa, alitaka kuokoa muungano tu. Barua yake ya 1862 inathibitisha. Kwa nini atukuzwe? (Mombasa)

Barua hiyo ipo, nami nakushukuru kwa kuitaja pamoja na mwaka wake. Wengi hunitumia picha yenye maneno na uso wa mzee mwenye ndevu, wakadai ni nukuu. Agosti 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Lincoln alimwandikia mhariri Horace Greeley kwamba lengo lake ni kuuokoa muungano, na kama angeweza kuuokoa bila kumwachia huru mtumwa hata mmoja, angefanya hivyo. Lakini wanaoinukuu huacha mambo mawili. Alipoiandika, rasimu ya Tangazo la Ukombozi, amri yake ya kuwaacha huru watumwa, ilikuwa tayari. Alikuwa ameshawasomea mawaziri wake mwezi Julai. Na mwishoni mwa barua hiyo hiyo alisema amezungumzia wajibu wa cheo chake, ila matakwa yake mwenyewe ni kuona watu wote, popote walipo, wako huru.

Je, ana doa? Anayo, na si dogo. Mwezi huo huo aliwaita Ikulu viongozi weusi akawashauri wenzao wahame nchi. Desemba mwaka huo wanaume 38 wa kabila la Dakota, wenyeji wa asili, walinyongwa siku moja huko Mankato, Minnesota, kwa idhini yake, ingawa alikuwa amewaondolea kifo wengine zaidi ya 260. Na Tangazo la Januari 1, 1863 liliwahusu watumwa wa majimbo yaliyoasi tu. Wa Kentucky, Maryland, Delaware na Missouri walibaki na mabwana zao. Utumwa ulifutwa nchi nzima Desemba 1865 kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba. Lincoln alikuwa amepigania Bunge liyapitishe, lakini hakuiona siku hiyo. Alikuwa kaburini miezi minane.

Hata hivyo Tangazo lile lilifungua mlango ambao haukufungika tena. Wanaume weusi wapatao 180,000 waliingia jeshini, na jeshi lililoanza vita kwa ajili ya ramani likamaliza kwa ajili ya watu. Kwangu Lincoln ni wa pili. Aliyempima vizuri kuliko sisi sote ni mtu ninayemtaja katika jibu linalofuata.

Usituzungushe, Mwalimu. Wako ni nani? (Zanzibar)

Frederick Douglass. Nimelisema hili tangu nilipokuwa nashika chaki, na sijapata sababu ya kubadilika.

Marekani ilianza na neno. Mwaka 1776 iliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, na mwandishi wake, Jefferson, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika uhai wake. Kwa hiyo kila anayeletwa kwangu kama mkuu namwuliza jambo moja: uliisogeza nchi karibu na neno lake, au uliiacha ulipoikuta? Wapo waliopanua mipaka, waliojenga viwanda, walioshinda vita. Nchi nyingi zina watu wa namna hiyo. Deni la Marekani lilikuwa lile neno.

Douglass alizaliwa mtumwa Maryland mwaka 1818, siku asiyoijua. Alipokuwa mtoto huko Baltimore, bibi wa nyumba alianza kumfundisha herufi, mumewe akamkataza akisema kusoma humharibu mtumwa. Mtoto akaelewa papo hapo ufunguo uko wapi. Akawa anatoka na mkate mfukoni, anawapa watoto weupe maskini wa mtaani, nao wanamlipa kwa masomo. Septemba 1838 alitoroka. Mwaka 1845 akachapisha maisha yake, jina la bwana wake limo, jambo la hatari kwa mtoro. Ikabidi avuke bahari hadi Ireland na Uingereza, ambako marafiki walichanga fedha wakamkomboa kisheria. Angeweza kubaki huko akaheshimiwa mpaka uzeeni. Alirudi, akaanzisha gazeti.

Julai 5, 1852, akina mama wa chama cha kupinga utumwa huko Rochester walimwalika ahutubie sherehe ya uhuru. Aliwasifu waasisi kwa ujasiri wao, kisha akawauliza wasikilizaji wake usoni: sikukuu yenu hii, kwa mtumwa ni nini? Akajibu mwenyewe kwamba ndiyo siku inayomwonyesha mtumwa, kuliko siku nyingine zote, jinsi anavyodhulumiwa. Fikiria kuyasema hayo mbele ya waliokualika, katika nchi ambayo sheria yake iliruhusu ndugu zako wakamatwe mchana kweupe.

Agosti 1863 alikwenda Ikulu bila miadi kumkabili Lincoln juu ya mishahara. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi dola 10, na 3 zikakatwa za nguo. Wanawe wawili walikuwa katika kikosi cha weusi cha Massachusetts. Sheria ya kusawazisha malipo ilipita mwaka uliofuata.

Na sasa kipimo nilichokuahidi. Aprili 1876, sanamu ya Lincoln ilizinduliwa Washington kwa michango ya waliokuwa watumwa, Rais Grant amekaa mbele. Douglass alisimama akasema Lincoln alikuwa, kwanza kabisa, rais wa watu weupe. Ukimtazama kutoka upande wa wapinga utumwa, alisema, alikuwa mzito na baridi. Ukimpima kwa hisia za nchi aliyopaswa kuiongoza, alikuwa mwepesi na shupavu. Ukweli wote, na heshima yote, katika hotuba moja ya uzinduzi wa sanamu. Wanaoandika taabini za viongozi wetu waisome hotuba hiyo kabla ya kushika kalamu.

Na Harriet Tubman aliyewakomboa watumwa 300? (Nakuru)

Ni jabali, na hahitaji kuongezewa chumvi. Watafiti waliofuatilia safari zake za kuwatorosha watumwa wanahesabu kama 13 na watu wapatao 70. Hiyo 300 ilienezwa na mwandishi wa maisha yake wa karne ya 19. Ukitaka namba kubwa ya kweli, chukua Juni 1863, Mto Combahee, South Carolina: aliongoza na jeshi operesheni iliyowatoa utumwani watu zaidi ya 700 usiku mmoja. Ile nukuu inayosambaa kwamba angekomboa maelfu zaidi kama wangejua ni watumwa, hakuisema. Acheni kuisambaza.

Kaka, kwa sisi Waafrika ni Muhammad Ali tu. Kinshasa 1974! (Lubumbashi)

Ndugu yangu, Kinshasa ilikuwa usiku mtamu, Foreman chini raundi ya nane. Ila ukuu wa Ali uko mwaka 1967, alipokataa kwenda kupigana Vietnam akanyang'anywa mkanda akiwa katika ubora wa mwili wake. Mahakama ya Juu ilimsafisha mwaka 1971. Miaka ya ujana hakuna mahakama inayoirudisha.

Niongeze jambo ambalo mashabiki hawalipendi. Mwaka 1980 Rais Carter alimtuma Afrika kuzishawishi nchi zetu zisusie Olimpiki ya Moscow. Alipofika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wa habari wakamwuliza Marekani ilikuwa wapi Afrika iliposusia Montreal mwaka 1976, naye akakiri hadharani kwamba kuna mambo hakuambiwa alipotumwa. Nampenda zaidi kwa kukiri huko. Lakini mkuu kuliko wote, hapana.

Kwa nini wanasiasa tu? Wanasayansi je? (Muhimbili)

Swali zuri kuliko yote niliyopata. Kama una mtoto, umemwona akifunguliwa kinywa na kudondoshewa matone ya polio. Matone hayo ni kazi ya Albert Sabin, kijana wa Kiyahudi aliyezaliwa Białystok mwaka 1906 na kuhamia Marekani 1921. Jonas Salk alitangulia na chanjo ya sindano mwaka 1955, na wawili hao hawakupatana kamwe. Chanjo ya Sabin ilijaribiwa kwa mamilioni ya watu katika Urusi ya Kisovieti, katikati ya vita baridi, na hakuiwekea hataza, yaani hakujimilikisha uvumbuzi huo. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Ukinipa orodha ya watano, Sabin yumo. Na wazazi mnaowaficha watoto chumbani wahudumu wa chanjo wanapopita, jibu hili lisomeni mara mbili.

Wenyeji wa Marekani hawana mtu? (Bukoba)

Wanaye Sequoyah, Mcherokee asiyejua kusoma lugha yoyote. Aliona wazungu wakizungumza kupitia karatasi, akajifungia na wazo hilo kwa miaka zaidi ya kumi, na kufikia 1821 akawa ameitengenezea lugha yake maandishi ya silabi, alama 85. Mwaka 1828 Wacherokee walikuwa na gazeti kwa lugha yao. Miaka kumi baadaye walifukuzwa kwenye ardhi yao kwa nguvu ya jeshi, na wapatao 4,000 wakafa katika uhamisho huo. Rais aliyetia saini sheria ya kuwahamisha mwaka 1830, Andrew Jackson, ndiye yuko kwenye noti ya dola 20. Nilisema nini kuhusu noti?

Obama? (wengi) Elon Musk? (wengi pia)

Wako hai. Sihesabu walio hai.

Yupo Mmarekani mkuu aliyeigusa Kenya moja kwa moja? (Eldoret)

Thurgood Marshall. Januari 1960, wajumbe wa Kiafrika walipokwenda Lancaster House, London, kujadili katiba, Tom Mboya alimwita mwanasheria huyu awe mshauri wao. Aliandaa rasimu ya haki za msingi, akisisitiza kwamba wachache nao walindwe, wakiwamo walowezi. Wengine walimshangaa. Yeye alijua ni nini kuwa wa wachache katika nchi yako mwenyewe. Akiwa bado London, Februari 1, vijana wanne weusi wa Greensboro, Marekani, walikaa kwenye kaunta ya chakula ya weupe wakakataa kuondoka, naye akarudi kwenye kazi ya kuwatetea vijana wa namna hiyo. Alikuwa ameshashinda kesi ya 1954 iliyovunja ubaguzi shuleni. Mbele ya Mahakama ya Juu alisimamia kesi 32, akashinda 29. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo hiyo. Aibu ni kwamba vijana wengi wa Nairobi hawalijui jina lake.

Mwanangu ana mdahalo shuleni Ijumaa, amepewa upande wa George Washington. Msaidie hoja. (Tanga)

Aache hadithi ya mti wa mcheri, kwamba alipokuwa mtoto aliukata akakiri. Aliitunga Mason Weems, muuza vitabu. Ashike Desemba 1783, Annapolis: jenerali aliyeshinda vita vya uhuru, jeshi likiwa linampenda, anarudisha madaraka yake kwa Bunge na kwenda kulima. Kisha 1797, baada ya vipindi viwili, anaondoka tena bila kusukumwa. Kwetu hoja hiyo haihitaji maelezo.

Lakini ajiandae, maana upande wa pili wakiwa wamesoma watamletea Ona Judge. Alikuwa mtumwa wa nyumba ya Washington, akatoroka Philadelphia Mei 1796 wakati familia inakula chakula cha jioni. Washington, akiwa bado rais, alituma watu wamrudishe, wakashindwa. Aliishi New Hampshire katika umaskini, kisheria bado mtoro, mpaka alipokufa mwaka 1848. Alipokuwa mzee aliulizwa kama anajuta kuacha nyumba ile ya raha. Alijibu hapana, kwa kuwa yuko huru.